Khabari ya Ndevu za Kwanza za Kijana, na Yanayompasa Baba Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemwumba mwanadamu kwa tone la maji, akamfanya mtoto mchanga, kisha barobaro, kisha mtu mzima. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, Alkhamisi moja baada ya sala ya Alasiri alinijia baba mmoja wa hapa Goba, mtu wa makamo mwenye haya nyingi, akakaa nami barazani pa msikiti hata watu wote wakaondoka. Ndipo akasema: "Shehe, ninaye mwanangu wa miaka 15. Jana nimemkuta nyuma ya nyumba na wembe wangu mkononi, amejikata juu ya mdomo, damu yamtoka. Wenzake shuleni wamemcheka kwa nywele zilizomwota. Nataka unambie, kijana yapasa aanze kunyoa akiwa na umri gani?"

Nikamwuliza: "Na kukoga janaba umekwisha mfundisha?"

Akainamisha kichwa asinijibu. Basi nikajua kwamba swali la wembe ni dogo, na nyuma yake liko kubwa ambalo hakuja nalo. Nami nikaona kuwa si yeye peke yake mwenye hali hii. Nyumba nyingi za mtaani petu ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu ya kuandika karatasi hizi.

Jawabu la swali lake kwanza, maana muulizaji ana haki ya kujibiwa. Sheria haikuweka umri wa kunyoa ndevu, kwa kuwa ndevu asili yake si kitu cha kunyolewa. Bwana Abdallah bin Umar (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.) amri ya kupunguza masharubu na kuziacha ndevu zikue, tupate kuwa mbali na desturi za washirikina, na Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Naye Bibi Aisha (R.A.) amepokea, na Muslim akaiandika, kwamba kupunguza masharubu na kufuga ndevu ni katika mambo kumi ya maumbile safi, pamoja na mswaki, na kukata kucha, na kuondoa nywele za kwapa na za kinena. Tena Nabii Harun tunamsoma katika Sura Twaha akimwomba nduguye Musa asimkamate ndevu zake. Basi ndevu ni pambo la Manabii kabla ya kuwa pambo letu.

Na khasa juu ya ndevu za kwanza, wanachuoni wetu wa Kishafii hawakunyamaza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 wa Kizungu, katika kitabu chake cha Ihyaa ametaja mambo yanayochukiza katika ndevu, na mojawapo ni mtu kuzing'oa zinapoanza kuota ili ajifanye mfano wa wavulana wasio na ndevu. Hilo amelihesabu katika maovu makubwa. Imam Nawawi naye, aliyefariki mwaka 1277, amelitaja pia, akaunganisha kung'oa na kunyoa. Tazameni sababu waliyoitia: wamekemea ile nia ya kuona haya kuwa mwanamume, na kutaka kubaki mtoto hali Mungu amekwisha mtoa utotoni. Kijana wa leo anyoaye kwa kuwa wenzake wamemcheka, ugonjwa wake ni huu huu, ingawa hajui.

Walakini tuseme kweli yote, tusifiche nusu. Je, kunyoa ndevu zote ni haramu au ni karaha? Katika hili iko khitilafu. Wengi katika madhehebu nyingine wameharimisha. Katika madhehebu yetu, Rafii na Nawawi na wengi waliowafuata wamesema ni karaha, na wengine, kama Ibnur Rifaa, wakapinga kwa kuwa maneno ya Imam Shafii mwenyewe katika kitabu cha Umm yaonyesha uharamu. Basi asemaye ni haramu asiitwe mkali, na asemaye ni karaha asiitwe mpotevu. Wote wawili wana mwanachuoni wa kumtegemea. Nimeona vijana wawili wakitukanana msikitini kwa jambo hili, na mmoja wao alikuwa hajasali Adhuhuri.

Masharubu hukumu yake ni nyingine. Yakifika kuingia mdomoni na kugusa chakula, yapunguzwe kwa mkasi hata ukingo wa mdomo uonekane. Na kijana wa miaka 14 au 15 mwenye nywele laini tu juu ya mdomo hana la kupunguza bado. Nywele za kinena na za kwapa huondolewa, wala zisiachwe kupita siku 40, kama alivyopokea Bwana Anas bin Malik katika Muslim. Haya ndiyo ya kumfundisha kijana kwa wembe wake, maana wengi wao hunyoa pale wasipoamriwa na kuacha pale walipoamriwa.

Zipo shule zisizotaka mwanafunzi aonekane na nywele usoni. Baba na aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu, kwa adabu, amweleze, huenda akasikilizwa. Asiposikilizwa, kijana apunguze kwa mkasi au kwa mashine, abakishe kidogo. Asiache masomo kwa ajili ya hili, wala asitumwe na wakubwa kupigana vita ambavyo wao wenyewe makazini mwao hawakuvipigana.

Sasa tuje kwenye lile kubwa.

Ndugu zangu, nywele za usoni ni barua iliyochelewa njiani. Waganga waliochunguza miili ya vijana wametwambia kwamba nywele za kinena hutangulia, na zile za uso hufuata baada ya kama miaka miwili. Kisha hata hizo haziji pamoja, bali huanza pembeni mwa mdomo wa juu, zikaenea mdomo wote, kisha mashavu na chini ya mdomo, na kidevu mwisho. Maana yake ni kwamba baba aonapo masharubu ya mwanawe akasema, "Huyu sasa anakua," mara nyingi mtoto amekwisha baleghe tangu zamani. Na kila aliyesoma Safina chuoni ajua kwamba ndevu hazimo katika alama za baleghe. Alama za mtoto wa kiume ni mbili tu: kutokwa na manii, usingizini au macho, tangu umri wa miaka 9, au kutimia miaka 15. Lipi katika mawili haya litangulialo, ndilo lifungualo daftari lake mbele ya Mwenyezi Mungu.

Na miaka hii 15 ni ya mwezi mwandamo, si ya kalenda iliyotundikwa ukutani. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, ndiyo sababu miaka 15 ya Kiislamu ni kama miaka 14 na miezi 6 na nusu ya hesabu ya cheti cha kuzaliwa. Baba angojaye siku ya kuzaliwa ya 15 kwa hesabu ya serikali amekwisha chelewa karibu nusu mwaka, hata kama mtoto hakuota ndoto yo yote.

Huyo huyo Abdallah bin Umar aliyetupokelea amri ya ndevu ana khabari yake mwenyewe katika mlango huu. Alipelekwa mbele ya Mtume (S.A.W.) siku ya vita vya Uhud, akiwa na miaka 14, akakataliwa, akapelekwa siku ya Khandaki akiwa na miaka 15, akakubaliwa. Khalifa Umar bin Abdulaziz alipoambiwa khabari hii alisema kwamba huo ndio mpaka baina ya mdogo na mkubwa. Hatukusikia kwamba Mtume alimtazama kidevu. Alimuacha mwaka ule alipokuwa mdogo, bila kumdhihaki, naye akarudi nyumbani akangoja.

Sasa fikirini hali ya kijana wetu. Ameota ndoto usiku, ameamka nguo yake imeloa, ameona haya, ameifua kwa siri. Asubuhi amekwenda shule, Adhuhuri amesali, Ijumaa amekuja msikitini akakaa safu ya nyuma pamoja na wenzake, nasi twafurahi kumwona. Lakini janaba imo mwilini mwake. Mtasema: "Lakini huyu hukoga kila siku, tena mara mbili, kwa joto letu hili la Dar es Salaam." Naam, hukoga, lakini nia ni nguzo ya josho katika madhehebu yetu, na mwenye kujimwagia maji kwa joto na jasho, bila kunuia kuondoa janaba, amesafika mwili na janaba yake iko pale pale. Mwaka mmoja wa namna hii ni sala 1,770, tano kila siku. Zote hizo ni deni. Saumu zake za Ramadhani ni sahihi, kwa kuwa janaba haivunji saumu. Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama wamepokea kwamba Mtume mwenyewe alipata kupambaukiwa nayo akafunga. Lakini sala ni lazima zilipwe. Huenda kijana akasamehewa dhambi kwa kutojua; nani atasamehewa kwa kutomwambia? Nawawi katika mwanzo wa kitabu chake cha Majmuu amesema kwamba ni wajibu juu ya baba na mama kuwafundisha watoto yale yatakayowalazimu wakibaleghe, nayo tahara imo ndani yake. Wajibu huo ni kabla, si baada.

Nami sitaki kuwalaumu mababa tu bila kutazama sababu. Hapa Goba, palipokuwa upande wa Kinondoni kabla ya Ubungo kufanywa wilaya, wengi wetu ni wageni. Zamani palikuwa mashamba. Leo pana nyumba na maduka, na njia ya lami itokayo Mbezi kwenda Tangi Bovu imejaa magari, na watu wametoka kila upande, huyu Tanga, huyu Lindi, huyu Kondoa. Kule tulikotoka palikuwa na mjomba, na babu, na kwa wengine palikuwa na jando, ambako mtoto aliambiwa mambo ya utu uzima, mengine mema na mengine ya upuzi. Leo mtoto ametahiriwa hospitali akiwa mchanga, mjomba yuko mbali, baba huondoka alfajiri kutafuta riziki na kurudi usiku amechoka. Jando limeondoka, na hakuna aliyekaa mahali pake. Na simu iliyo mkononi mwa mtoto itamwambia mengi, lakini haitamwambia nia ya josho kabla ya kumwonyesha uchafu.

Liko na lile la haya. Haya ni katika imani, lakini si kila haya ni hiyo. Bibi Ummu Sulaim (R.A.), mamake Anas, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akatanguliza kusema kwamba Mungu haoni haya katika haki, kisha akauliza kama mwanamke aotaye ndoto yampasa kukoga, Mtume akajibu kwamba yampasa, akiona maji. Mwanamke aliuliza mbele ya watu. Nasi wanaume twashindwa kumwambia mwana wetu wa kiume, chumbani, mlango umefungwa! Na ambaye kweli hawezi, aige kwa Sayidna Ali (R.A.). Yeye alikuwa akitokwa sana na madhii, akaona haya kumwuliza Mtume kwa kuwa ni mkwewe. Hakuliacha jambo, alimtuma Miqdad akauliza kwa niaba yake. Basi na wewe mtume ndugu yako, au mwalimu wa chuo umwaminiye. Na mama alezaye peke yake amwite kakake, hata kwa simu kutoka Lindi. Haya ni udhuru wa kutafuta mjumbe. Si udhuru wa kunyamaza.

Nitaje mambo mengine mawili matatu yanayofuatana na ndevu hizi, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi.

La kwanza ni udhu. Mzee mwenye ndevu nzito, ambazo ngozi haionekani kwa mtu azungumzaye naye, yamtosha kuosha juu yake. Kijana ndevu zake ni nyepesi, ngozi yaonekana. Huyu ni lazima maji yafike ngozini. Na masharubu, mazito au mepesi, maji yafike chini yake. Katika josho la janaba hakuna nzito wala nyepesi: nywele zote, mpaka shinani.

La pili ni wale wasioota. Katika darasa moja utamkuta mwenye masharubu na mwenye uso mtupu, nao wamezaliwa mwezi mmoja. Huyu asiyeota hununua dawa za kupaka, au hujinyoa kila siku akidhani wembe utaziita. Haziitiki. Mwaka 1928 bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Mildred Trotter wa St. Louis, aliwachunguza wanaume waliokuwa wakinyoa, akapima nywele zao, akaona kwamba wembe hauzifanyi kuwa nene wala kuzikuza upesi. Ncha iliyokatwa hukwaruza mkono, ndipo mtu akadhani zimezidi. Uume wa mtu hauko kidevuni. Wako wanaume kamili wa miaka 40 wenye nywele kumi za kuhesabu.

La tatu ni wembe wenyewe. Kwa sisi wenye nywele za kujipinda, udevu uliokatwa karibu na ngozi hurudi ndani ukafanya vipele, na mkasi au mashine ibakishayo kidogo huepusha hayo zaidi ya wembe. Na wembe wa mtu mwingine usitumiwe, hata wa baba. Homa ya ini hupita kwa damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho, na kijidudu chake huweza kuishi nje ya mwili siku 7. Kwa kinyozi dai wembe mpya, ufunguliwe mbele yako.

Nirudi kwa yule baba. Alipokwisha kunisikiliza alikaa kitambo, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Sasa nimwendee vipi, Shehe? Nimwambie nini kwanza? Na hizo sala zilizopita?"

Nikamwambia: "Usianze na wembe, wala usimkaripie kwa damu ile. Mwambie kwamba wewe nawe uliota ndoto ukiwa kama yeye, ukaona haya kama yeye. Akisikia hivyo atainua kichwa. Kisha mwulize ilianza lini. Asipokumbuka siku, akisie, ahesabu mpaka moyo wake uwe na yakini, na kila baada ya faradhi asali moja ya kulipa. Nawe msali pamoja, usimwache peke yake na deni ulilomsaidia kukopa."

Akasema: "Na maji? Kwetu maji twanunua."

Nikamwambia: "Mtume (S.A.W.) alikuwa akikoga kwa pishi moja mpaka kama pishi na robo, ambayo haipungui sana na lita tatu wala haizidi nne. Ndoo ndogo ya lita 10 itamtosha, na nyingine itabaki. Tena kesho ni Ijumaa, na kukoga kwa ajili ya Ijumaa ni sunna. Mwite asubuhi kabla hamjaja msikitini, umwonyeshe mbele ya ndoo: anuie moyoni kuondoa janaba pamoja na sunna ya Ijumaa, aoshe uchafu ulio mwilini, atawadhe, ajimwagie kichwani mara tatu akisugua mashina ya nywele, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, asisahau kitovu na nyuma ya masikio, na pale juu ya mdomo alipojikata, maji yapite polepole."

Akaondoka kabla ya Magharibi. Kesho yake niliwaona safu ya pili, baba na mwana, nywele zao zingali mbichi, na juu ya mdomo wa kijana pana alama ndogo ya wembe.

Wallahu aalam.